Keria Iliyojaribiwa kwa Pamba

Ipo siku moja ambayo hata leo, nikisikia chuma kinagonga nyuma ya gari, inanirudia yote. Nilikuwa binti, nakaa kwetu Nkololo, na siku hiyo nilikuwa nahamia Bariadi mjini kuanza kazi ya cherehani.

Mwanangu, umeniuliza uchukue keria gani ya kubebea kiti cha magurudumu cha baba yako nyuma ya gari lako. Shule niliachia darasa la nne, lakini hili mimi sengi yako nalijua. Na kwa kuwa baba yako ni kaka yangu Shija, ambaye sasa kiharusi kimemkalisha, acha nikueleze na yeye alivyofanya.

Miguu yangu ilipooza nikiwa mdogo. Nilikua natambaa, kandambili nimevaa mikononi. Baadaye mapadri wa misheni wakaniletea kiti cha magurudumu, chuma kitupu, kizito kama ndama. Kandambili nikazitupa chooni siku hiyohiyo. Kwa ajili ya kiti hicho fundi cherehani mmoja wa Somanda, palepale Bariadi mjini, akakubali kunichukua, maana alisema wazi kwamba mtu wa kutambaa angemchafulia nguo za wateja. Bila kiti, kazi hakuna.

Ilikuwa ile miaka soko la pamba lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia. Simiyu bado haijawa mkoa, tulikuwa tunahesabiwa Shinyanga. Shija akapata pikapu kuukuu ya kuwakusanyia pamba wanunuzi hao. Nyuma magunia yalijaa mpaka juu, nafasi ya kiti haikuwepo. Ndipo tukaenda kwa Masanja, fundi wa kuchomelea. Namtaja kwa jina, na akisoma akasirike.

Masanja alikuwa na keria mbili. Moja nzito, haina hata rangi, ya kuchomeka kwenye kile chuma cha kuvutia trela ambacho kimefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Nyingine nyepesi, nyekundu, ina maua ya nondo pembeni, na hiyo alikuwa anaichomelea kwenye bampa tu. Nikachagua nyekundu. Nilitaka watu wa mjini waone binti anaingia. Kosa hilo ni langu. Lakini Masanja ndiye aliyekuwa fundi, alijua bampa halibebi chuma cha namna ile, na alinyamaza kwa kuwa keria ile ilikuwa imemwozea pale karakana.

Shija akasema ijaribiwe kwanza. Unajua walijaribu na nini? Gunia la pamba. Msimu ule hatukuwa na kitu kingine machoni. Likapandishwa gunia pana kuliko mlango, keria haikutikisika, kila mtu akaridhika. Hata mimi nilipiga makofi.

Tuliondoka mchana, Shija kwenye usukani, mimi katikati, Masanja naye kaomba lifti. Magunia yalikuwa yamefunika kioo cha nyuma. Tulipokaribia mjini gari likaruka kwenye korongo, nikasikia chuma kinalia. Nikasema tusimame. Shija akasema ni springi. Masanja akacheka, akasema keria yake itatuzika sote.

Tuliposhuka Somanda, bampa lilikuwa linaning'inia upande mmoja. Keria haipo, kiti hakipo. Wakanikalisha juu ya gunia mbele ya duka la fundi cherehani, naye mlangoni ananitazama. Shija akasema watarudi kutafuta wakishapakua. Pamba kwanza. Hilo sijalisahau mpaka leo. Nilitazama viganja vyangu, nikawaza zile kandambili.

Hawajamaliza kupakua, likaja gari la ng'ombe kutoka upande wa Nkololo. Alikuwa mzee Maduhu, mkulima wa mpunga kule kwenye korongo, aliyeliona gari letu likiruka, na kiti changu amekifunga nyuma yake kwa kamba ya ngozi. Gurudumu moja limepinda, lakini linazunguka. Nililia, halafu katikati ya kulia nikaanza kucheka. Mzee akanisalimia mimi kwanza, “Mwadila, mayu.” Kisha akawageukia wale wawili, akauliza waliijaribuje keria yao. Shija akamwambia.

“Pamba?” mzee akasema. “Pamba inaruka? Mimi nira mpya namfunga maksai mkorofi kuliko wote. Na huyu mwenye kiti, gari liliporuka alisemaje?”

Masanja akajibu chinichini kwamba nilisema tusimame.

“Kumbe mwenye akili alikuwemo mle ndani. Mkamnyamazisha.”

Nikapanda kiti changu, nikajisukuma mwenyewe mpaka ndani ya duka. Fundi akasema nimechelewa, akanionyesha cherehani. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kugombezwa. Baadaye Masanja akaifunga ile keria nzito isiyo na rangi, nami nikawaamuru yeye na Shija wapande juu yake warukeruke, Somanda nzima inacheka. Ikanibebea kiti miaka mingi.

Basi, mwanangu, keria yako ishike chesisi, isishike bampa. Ukinyanyue kiti kwanza ujue uzito wake, maana muuzaji atakwambia keria inabeba chochote. Panda juu yake uruke. Isining'inie chini sana, makorongo yetu unayajua, wala isifunike taa za nyuma. Kamba ipitishe kwenye fremu ya kiti, si kwenye magurudumu. Ukishaenda kidogo, simama ukaze nati. Na kabla ya yote hayo, muulize baba yako anataka ipi, na akisema simama, simama. Mimi yeye hakunisimamia, lakini wewe msimamie.

Mungu akupe mikono ya kukaza na masikio ya kusikia. Na kila mtakapofika, baba yako akifunguliwa mlango, akikute kiti chake kipo.