Kisima Chetu Kimefungwa Kufuli kwa Ajili ya Mashine ya Kufulia

Admin, nifichie jina, huku Newala tunajuana. Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zangu Waislamu asalaam aleikum. Niiteni Mama Neema, ingawa siye. Nina miaka hamsini na moja, nimeolewa kwa ndoa ya kanisani, watoto wameshaondoka nyumbani. Shule niliishia la saba, mtanivumilia nikizunguka. Sijaja kumsema mume wangu vibaya. Hanipigi, halewi, na hili ninalowaletea amelifanya kwa kunipenda. Ndiyo maana hata kulia siwezi.

Kwa wasiopajua kwetu, huku juu maji ni shida. Bomba ni la mgao, na likikauka watu wanashuka bondeni, halafu wanaupanda mlima na ndoo kichwani. Kwa hiyo mwenye nyumba ya bati anajenga kisima cha saruji uani, anavuna maji ya mvua, ndiyo anayatumia kiangazi kizima. Na maji ya kisima hayanyimwi. Jirani mwenye nyumba ya nyasi akija na ndoo, unamchotea. Ndivyo tulivyowakuta wazazi wetu wakifanya.

Jirani yangu ni Mama Zuhura. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, hatujawahi kuulizana. Mwanangu wa pili alipozaliwa maziwa yangu yaligoma kutoka, akamnyonyesha yeye pamoja na wa kwake. Kila kiangazi anachota kwetu.

Sasa mikono yangu imekuwa ya kuuma. Nikikamua shuka, vidole vinakufa ganzi, inapanda mpaka kwenye kiwiko. Baba Neema alipolipwa pesa za korosho akasema, "Mama Neema, umefua vya kutosha. Twende Masasi nikakununulie mashine." Nilimshukuru Mungu, kweli.

Dukani zilikuwa za aina mbili. Moja ina matundu mawili, upande mmoja unafua, wa pili unakamua. Unamimina maji kwa ndoo, na yale ya sabuni unafulia tena nguo nyingine, ukimaliza unadekia sakafu. Nyingine ni otomatiki yenye kioo mbele. Hiyo inavuta maji yenyewe, inayamwaga, inavuta mengine, inamwaga tena.

Nikamwambia, "Baba Neema, tuchukue hii ya matundu mawili. Kwetu ndiyo itakayofaa."

"Ya kumiminia kwa ndoo? Sasa nitakuwa nimekusaidia nini? Nikununulie mashine uendelee kubeba ndoo?"

Muuzaji naye akamuuliza, "Mzee, kwenu maji yanatoka kila siku?"

"Wewe kijana, unauza mashine au unauza maji?"

Watu dukani wakacheka. Mimi pia nilicheka. Tukarudi na ya kioo.

Akapandisha tangi la plastiki kwenye mnara wa matofali, akafunga pampu ya kuvuta kutoka kisimani. Wanaume wenzake wakaja kuitazama mashine inavyozungusha, wamekaa kwenye viti kama wanaangalia mpira. Akawaambia, "Mke wangu hafui tena kwa mikono." Ile furaha yake siwezi kuisahau.

Masika ilipoisha akatumbukiza mti kisimani apime. Maji yalikuwa yameshuka kuliko mwaka wowote tangu tujenge. Hakusema tuipumzishe mashine. Alinunua kufuli. Akaniambia, "Kuanzia leo hakitoki hata kikombe. Wengine bonde wanalijua lilipo." Siku hizi wiki nzima yuko shambani Chiungutwa anapulizia mikorosho dawa. Anarudi Jumamosi, anafungua, anajaza tangi linaloingia kwenye mashine tu na madumu yetu ya kunywa, anafunga, ufunguo anaondoka nao.

Mama Zuhura alikuja na ndoo yake kama kawaida. "Hodi, Mama Neema! He! Mmekifunga kama benki?" Alikuwa anacheka. Nikamwambia ufunguo anao Baba Neema. Akanitazama, kisha akatazama kamba ya nguo, mashati ya mume wangu bado mabichi.

"Shoga yangu," akasema, "siku hizi kwenu zinakunywa nguo."

Hakusema kwa hasira. Akaigeuza ndoo, akaondoka. Kesho yake nilimwona anashuka bondeni na lile goti lake bovu. Sasa tukikutana ananiambia "habari za asubuhi" kama mgeni, anapita.

Nilimwomba mume wangu amfungulie yeye tu. Akajibu, "Nikimfungulia mmoja nitawafungulia wote. Na mashine yako itakunywa nini?" Mashine yako. Nilikwenda kwa mchungaji, akaniambia nimtii mume na niombe. Naomba. Midomo inakwenda, moyoni hakuna kitu. Mashine ikizungusha nakaa mbele ya kioo naangalia povu, hata sijui nawaza nini.

Juzi yule muuzaji kanipigia simu. Kuna mwalimu pale mjini Masasi, kwake maji hayakatiki, anataka ya otomatiki iliyotumika, bei nafuu. Muuzaji yuko tayari tubadilishane, anipe ya matundu mawili, mpya. Gari lake la mzigo linapita kwetu Ijumaa. Nikasema nitamjibu. Baba Neema nikamgusia kwenye simu, akasema, "Unataka watu waseme nimeshindwa?" akakata.

Nikiipakia Ijumaa, Jumamosi atakuta ya ndoo, sababu ya kufuli itakuwa imeisha, lakini mbele ya wenzake nitakuwa nimemvua nguo mtu aliyenihurumia. Ndoa ya miaka yote hii sijawahi kutoa hata kijiko bila yeye kujua. Nisipoipakia, mvua bado ni mbali, na mama aliyemnyonyesha mwanangu ataendelea kupanda mlima ule na ndoo, mimi nikiwa nimekaa uani na kisima chenye maji.

Sina hasira, sina machozi. Nimebaki kama ubao. Msinitukanie mume wangu, tafadhali. Ninyi mlioishi na watu, niambieni tu: gari likisimama mlangoni Ijumaa, niseme pakieni, au niseme piteni?