Kitabu Kimoja Kutoka Bujumbura

Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, kwenye harusi, kwenye sherehe za chuo, hata mbele ya padri aliyekuwa akitafuta watu wa kwaya: sina sikio la muziki. Sina kabisa. Wimbo ukianza na wenzangu, mimi hufika mwisho wake nikiwa na wimbo mwingine. Nilichokuwa nikiwaambia watu ni kwamba ningekuwa mpiga gitaa hodari, ila vita vilinizuia. Bukavu sentensi hiyo haipingwi. Kila mtu wa rika letu ana kitu ambacho angekuwa kama si vita, na ni adabu kutoulizana zaidi. Ukweli ni kwamba nilikosa kitabu, na kukikosa kwenyewe kulianzia chumbani kwetu, katikati ya mazungumzo ya amani.

Enzi zetu, ninyi mliokulia mtaa wetu wa Nguba mnakumbuka, mtoto aliyetaka kujifunza kitu alihitaji mtu anayekijua, na mtu huyo awe hajakimbia. Wengi walikuwa wamekimbia. Waliobaki walikuwa walimu wetu, na hao walikuwa kwenye mgomo: shule ilifunguliwa Jumatatu, Jumatano ikafungwa tena. Tukashinda nyumbani tukicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurushiana miguu, uani mpaka visigino vikawaka, tukinusa sambaza, visamaki vya ziwa letu, zinazokaangwa kwa jirani na kujifanya tumepita tu kusalimia. Tulikuwa watatu. Mimi, Furaha, mkubwa, nilikuwa na miaka kumi na minne. Baraka alinifuata, mwembamba, mbishi, kijana wa kukaa chini na kitu kidogo mkononi saa nzima. Wa mwisho alikuwa Neema, ambaye meno ya mbele hakuwa nayo lakini kura alikuwa nayo.

Siku moja akaja Tonton Bahati, mdogo wake Maman, aliyekuwa mhasibu katika ofisi moja ya kanisa. Alikuwa anatumwa Bujumbura kwenye semina. Safari iliyopita aliona dukani huko vitabu viwili ambavyo hakuweza kuvisahau. Kimoja kilifundisha gitaa bila mwalimu, kikiwa na picha za mkono wa kushoto na namba juu ya kila kidole. Cha pili kilifundisha kukunja karatasi kama wafanyavyo Wajapani, ikawa chura, ikawa korongo, na nyuma kabisa kilikuwa na karatasi za rangi za kuanzia.

"Nitawaletea kitabu," alisema, huku akimalizia chai yetu. "Kimoja. Miye niko mutu, siko camion ya mizigo. Muchague. Dimanche, kisha misa, nitapiga simu kwa Papa Odette, muniambie ni gani."

Papa Odette, baba wa rafiki yangu Odette, alikaa nyuma ya ua wetu. Alikuwa mtu wa kwanza barabarani kwetu kuwa na simu ya mkononi. Aliivaa kiunoni hata kwenye misa, na nadhani hata Mungu aliiona.

Mimi nilitaka gitaa kufa na kupona, na sababu yangu ilikuwa nzito. Nilikuwa katika kwaya ya watoto ya parokia. Kabla ya Noeli, kijana aliyetuongoza, tuliyemwita Maestro, alinivuta pembeni akaniambia kwa upole mkubwa, "Furaha, dada yangu, siku ya sikukuu utafungua kinywa tu. Sauti, utuachie." Niliimba Noeli nzima kama samaki. Lakini nilikuwa nimegundua kitu: mpiga gitaa haimbi. Anakaa pembeni, anainamisha kichwa, na wasichana wote wanamtazama Maestro akimsubiri yeye aanze. Ningepata kile kitabu, ningerudi kanisani kwa mlango mwingine.

Sasa, mtoto wa leo akiambiwa achague anamaliza kabla hujafunga mlango. Sisi tulikuwa na wiki nzima, tena tulikuwa na redio. Kila jioni Papa aliiweka juu ya tumbo lake, kwenye kiti cha sebuleni, na tukasikia jinsi wakubwa wa nchi yetu, huko walikopelekwa kupatana, walivyosimamisha kikao, walivyokianza upya, walivyogombea viti. Hatukuwa tumewahi kusikia watu wakikubaliana kwa njia nyingine. Kwa hiyo tulifanya vilevile. Mimi nilikuwa serikali, kwa kuwa nilizaliwa kwanza. Baraka alikuwa waasi, na alishikilia kitanda cha juu na eneo lote linalokizunguka. Neema alikuwa jamii ya raia.

"Miye niko na ule mwenye iko na karanga," alitangaza Neema kikao cha kwanza, na msimamo huo hakuubadili mpaka mwisho. Wanasiasa wachache wamewahi kuwa wakweli kiasi hicho.

"Gitaa yenyewe iko wapi?" aliuliza Baraka kutoka maeneo yake ya juu.

"Tutatengeneza. Bidon ya mafuta, ubao, na waya za breki ya kinga ya Papa."

Baiskeli ya Papa, wakati huo, ilikuwa bado ina breki.

"Karatasi iko kila fasi," alisema Baraka. "Hatutaiba kitu ya mutu."

Na kweli alikuwa na gunia. Lilijaa noti za zamani za zaïre, zile zilizokufa, ambazo hazikuweza kununua hata kiberiti lakini Maman alishindwa kuzitupa. Baraka alikuwa tayari ameanza kuzikata ziwe mraba. Serikali ilistuka. Waasi wakiwa na malighafi, mazungumzo huwa magumu.

"Lakini kukunja unajuaka tayari," nilimwambia. "Ndege na kofia. Kitabu ya nini?"

"Najua bitu bibili tangu masomo ya maternelle! Na ndege yako inaangukaka mbele ya kuruka."

Nikasimamisha kikao.

Tulitumia hoja zote ambazo mwanadamu anaweza kuzitumia kuchagua kitabu ambacho hajakiona. Kipi kina picha nyingi. Kipi Kifaransa chake kitakuwa chepesi. Kipi mtu anaweza kukifuata bila kuuliza mtu, maana wa kuuliza hakuwepo. Nilidai kwamba gitaa ni la watu wote, kwa kuwa mmoja akipiga nyumba nzima inasikia. Baraka alijibu kwamba hiyo hasa ndiyo hofu yake, kwa kuwa mpigaji angekuwa mimi. Tulimwendea Papa atupatanishe. Alifungua jicho moja.

"Muelewane," alisema. "Hata bale bakubwa bataelewana." Akalifunga.

Ijumaa nilipata ushindi, na sitaficha kwamba karanga zilihusika. Neema alivuka upande wangu na kikombe chake cha karanga mkononi. Baraka alipoona ameachwa peke yake juu ya kitanda, alikubali serikali ya mpito. Mkataba wetu ulisema hivi: kitabu kitakuwa cha gitaa, mimi nitakuwa rais, Baraka atakuwa makamu wa rais, na kama fidia atapewa kurasa zote nyeupe za mwanzo na za mwisho wa kitabu, azichane na azikunje apendavyo. Tuliapa tukiwa tumeshika redio, ambayo tuliona ndiyo kitu kitakatifu zaidi nyumbani baada ya rozari. Jumamosi yote nilitembea nimelegeza vidole vya mkono wa kushoto, nikivizoesha cheo.

Mwanangu ana umri niliokuwa nao wiki ile. Naye anataka gitaa, tena analo, lenye nyuzi zote sita. Walimu wake wako ndani ya simu, mamia yao, usiku na mchana, bure. Anamfungua wa kwanza, anamsikiliza akieleza mahali pa kuweka kidole, na kabla kidole hakijafika anamhamia wa pili aone kama anaeleza vizuri zaidi. Mwezi umepita. Amehifadhi walimu wengi kuliko waliowahi kufundisha shule yetu nzima, na wimbo hata mmoja hajui. Nilimwambia achague mmoja akae naye. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia bibi anayeuliza posta iko wapi. Sikio, namshukuru Mungu, hakulirithi kwangu. Uvumilivu sijui aliurithi kwa nani. Simwonei wivu. Naikumbuka tu ile wiki yetu, ambayo hatukuwa na kitabu hata kimoja lakini tulikuwa navyo vyote viwili, kila ukurasa, kutoka asubuhi mpaka jioni, na chura wa Baraka alikuwa anaruka vizuri sana kwenye maneno yake, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga. Vitabu nilivyokuja kuvisoma baadaye chuoni, vya kweli, vya kushika mkononi, vichache vilinikaa hivyo.

Jumapili tulirudi haraka kutoka misa. Maman aliketi uani kuchambua sombe, majani ya muhogo. Sisi watatu tulijipanga kando ya ua, rais mbele.

"Maman Furaha!" Papa Odette alikuja mbio akiwa ameshika simu kwa mikono miwili kama sahani ya supu. "Bujumbura! Bahati! Mbio, itakatika!"

Nilinyoosha mkono. Maman alipangusa wake kwenye kitenge, akaupitisha juu ya kichwa changu, akaichukua simu.

"Allô? Bahati? ... Eh, tuko. Tuko bazima ... Bunduki? Hapana, huku Nguba hapana, ililia kule juu ... Papa yabo iko, iko na radio yake ... Kitabu?"

Akatugeukia. Nilisema kwa sauti ya serikali, "Ya gitaa! Tuliisha kuelewana!" na Baraka, lazima niseme, alitikisa kichwa kukubali kama mkataba ulivyomtaka. Maman alitutazama mmoja mmoja. Hakuonekana kuwa na hasira wala haraka.

"Bahati, unanisikia? Ya gitaa, uiache. Ulete ile ya karatasi." Akasikiliza kidogo. "Ju huku magaribi, tukisikia basoda na bunduki zabo bakipita mu barabara, tunazimaka hata radio. Karatasi haina makelele."

Akamrudishia Papa Odette simu yake, akamshukuru, akaketi tena kwenye sombe. Baraka, ambaye ndiye aliyeshinda, hakushangilia.