Joto la Trekta la Manyamanyama

Harufu ya dizeli ikichanganyika na udongo mbichi hunirudisha Butiama, kwenye shamba letu la pamba, nikiwa binti wa darasa la nne. Nimestaafu utumishi wa umma, na sipendi kumbukumbu zipindishwe. Kila tukikutana, ndugu zangu hucheka kwamba marehemu baba alikataa trekta jipya kwa ushamba. Ninyi nitawaeleza yaliyotukia.

Baba alitaka kulipia trekta kwa ng'ombe wa mahari ya dada yangu. Kwa desturi, hao walikuwa wa kumwolea mke kaka yangu Marwa. Mama alimwambia wazi, "Baba Marwa, ukikosea hapo, mwanao atakaa bila mke."

Basi baba alichagua kama achaguavyo maksai. Dukani Musoma alilizunguka trekta jipya, akainama kulitazama tumboni, kisha akaomba lilime kwanza ekari moja alione.

Muuzaji akacheka. "Mzee, likishalima si jipya tena."

"Na mimi sijawahi kununua maksai ambaye sijamwona kwenye jembe," baba akajibu, tukaondoka.

Kule Manyamanyama, Bunda, mfanyabiashara mmoja mwenye trekta lililotumika alikubali lijaribiwe. Tulifika alfajiri. Walipokuwa wakisalimiana, kwa udadisi wangu niliweka kiganja kwenye boneti.

"Baba, lina joto."

Akatabasamu. "Ng'ombe mzima huwaga hivyo asubuhi."

Mashaka yake yakaishia hapo. Trekta likawaka mara moja, likalima vizuri, na ng'ombe wakaswagwa kwenda Bunda.

Nyumbani, asubuhi ya kwanza halikuwaka. Wala ya pili. Fundi alieleza kwamba injini ilikuwa imechoka, haiwaki ikiwa baridi. Kumbe yule mfanyabiashara alikuwa ameliwasha kwa kulisukuma kabla hatujafika, ndiyo maana nilikuta lina joto. Tangu hapo maksai wetu wanne waliobaki walilivuta kila asubuhi mpaka lingurume.

"Baba Marwa," jirani aliuliza, "hapo nani anamlimia nani?"

Marwa alisubiri misimu mingi ya pamba kabla ya kuoa. Baba zangu wadogo waliitisha kikao, wakauliza ni nani aliyelikagua trekta lile. Nilikuwa mlangoni na birika la chai.

"Nililikagua mwenyewe," baba alisema, bila kunitazama.

Nilishukuru kwamba amesahau kiganja changu kwenye boneti. Miaka mingi baadaye, karani wangu alipokosea na wakubwa wakanitaka nilitaje jina lake, nikasema kosa ni langu, ndipo nilipoelewa kwamba baba alikumbuka kila kitu.