Kibanda cha Geti la Reli

Watu wa Kitale walisema ati mume wangu amerudia mizimu. Wacha mimi Nelima niwaambie alichorudia.

Wekoye alikuwa seremala wa reli, Bungoma, mpaka kazi ikaisha tukahamia huku kwa shamba. Wanaume wengine wakikosa kazi hushika chupa. Wangu alishika wembe, gundi na mbao za masanduku ya nyanya, akaanza kujenga stesheni ya Bungoma juu ya meza yangu ya sebuleni. Akajenga ghala la mahindi, tangi la maji, nyumba za wafanyakazi. Reli zilikuwa spoki za baiskeli. Kila kijiti alikikata mwenyewe na kukipiga msasa. Sisi tulikula tumepakata sahani, na yeyote aliyecheka nilimwonyesha mlango.

Mwisho akajenga kibanda cha mviringo cha nyasi, nguzo ya katikati ikitokeza juu ya paa. Hicho ndicho kilicholeta maneno.

Kina mama wa kanisa walikuja kwangu kwa maombi, wakakiona. Sisi Wabukusu tunakijua kibanda cha namna hiyo. Babu zetu walikijenga uani, wakakiita namwima, wakawawekea wafu wao pombe na nyama humo. Mkristo akipatikana nacho, ameisha. Hakuna aliyeniuliza. Walimaliza chai yangu, wakaenda kusema.

Jumatano Mzee Khisa wa kanisa akafika na kiberiti mfukoni. Harusi ya binti yetu Nasimiyu ilikuwa Jumamosi.

"Mama Nasimiyu, hicho kitu kichomwe leo, ama pasta hafungishi ndoa."

"Si uulize kwanza ni cha nini?"

"Namwima ni namwima."

"Ni kibanda cha Bashir, Mzee," Wekoye akasema. "Yule mlinzi wa geti la reli, Bungoma. Alikijenga mwenyewe ajikinge jua."

"Bashir Mwislamu? Sasa ndio unaharibu zaidi, bana."

Hapo nikachemka. Nikamwambia vile uchungu wa kuzaa ulinishika tukienda hospitali kwa miguu mimi na Wekoye, tukakuta geti limefungwa, treni ya mizigo imekwama pale haiendi mbele wala nyuma. Zuena, mke wa Bashir, akanivuta ndani ya kibanda, akatandika leso yake ya njano ya kujifunga chini. Nasimiyu alizaliwa hapo, katikati ya taa na bendera za reli.

"Unataka nichome alipozaliwa bibi harusi, ndio umbariki?"

Mzee Khisa akakohoa. "Mimi nimekuelewa, mama. Lakini watu washaona. Kichomwe tu."

Nikamgeukia Nasimiyu. Gauni lilikuwa limeshonwa, wakwe wa Kiminini wameshaalika ukoo mzima. Niliogopa, sitadanganya. Angesema kichomwe, ningekichoma na kulia peke yangu. Akakiinua kibanda mezani kwa mikono miwili.

"Mzee, rudi na kiberiti chako. Nitaolewa serikalini, kwa DC."

Na kwa DC akaolewa. Nilipita katikati ya mji wa Kitale kichwa juu, anayenong'ona anong'one. Kwenye sherehe nyumbani niliweka kibanda kando ya keki, kila mtu akione vizuri. Mzee Khisa naye alikuja, maana kuku hana dhambi. Nikampakulia paja, nikamketisha akitazamana na kibanda.

Zuena alikuja kutoka Bungoma. Ni mjane sasa, na kibanda chenyewe kilibomolewa zamani. Aliinama akakiangalia hicho cha mezani kwa muda mrefu, Wekoye amesimama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Halafu akapitisha kidole mlangoni, akatoa kipande cha kitambaa cha njano kilichokuwa kimetandikwa sakafuni.

"Si hii ni leso yangu?"

"Ni yako," nikamwambia. "Ndiyo tulimfungia mtoto kwenda naye nyumbani."

Mzee Khisa akaona haya, akarudisha kuku kwenye sahani.