Minazi ya Mama na Barabara Iliyonyooshwa

Kabla hujafika Ukunda ukitokea Likoni, kuna kipande cha barabara ambacho madereva hukisifu kwa kunyooka. Nimekaa na watu wanaokisifu, nimewasikiliza, na mara nyingi nimenyamaza. Kipande hicho kilipitishwa juu ya minazi ya mama yangu, na aliyeandika karatasi zilizomnyima haki yake ni mimi, mwanawe wa kumzaa.

Miaka hiyo bendera ilikuwa bado mpya. Nilikuwa karani katika ofisi za wilaya, Kwale, nina mke na mtoto mmoja mchanga, shati jeupe na kalamu ya wino mfukoni. Kazini nilikuwa sijathibitishwa, lakini kijijini walisema nimeula. Aliyefurahi kuliko wote ni mama. Alikuwa mjane. Alinisomesha kwa nazi, kwa makuti aliyoyasuka, na kwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe uani. Kila shati nililovaa shuleni lilitoka katika minazi ile kumi na saba.

Minazi haikuwa katika shamba lake. Hili lazima nilieleze, kwa sababu wasiokuwa wa pwani hawalielewi, na asiyelielewa ndiye aliyepewa kazi ya kutulipa. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Babu, yaani mjomba wake mama, alimpa ruhusa ya kupanda katika shamba lake, naye akapanda, akaimwagilia miche maji ya kuteka kisimani hadi ikashika. Babu alipofariki shamba likawa la mwanawe, ambaye mimi humwita mjomba, na minazi ikabaki ya mama. Hakuna aliyeandika popote. Hata watoto waliookota nazi zilizoanguka walijua wampelekee nani.

Habari ya barabara ililetwa katika baraza, uwanjani mwa shule. Injinia, mzungu aliyebaki baada ya uhuru, alitandaza ramani yake juu ya meza ya mwalimu mkuu. Alieleza kwamba barabara ya zamani inalizunguka bonde la mpunga, na kwamba kuuinua mzunguko ule kwa mawe na kifusi kungekula fedha nyingi. Kukata moja kwa moja katikati ya kijiji kungekuwa nafuu. Akasimama mwalimu wa madrasa, mtu asiyependa maneno mengi.

"Ahsante, bwana injinia. Wasema ni nafuu. Nafuu kwa nani?"

Injinia alijibu kwamba ni nafuu kwa serikali, na serikali sasa ni yenu. Watu walicheka kidogo, kwa adabu tu. Mwalimu hakucheka.

"Kisima kitakuwa upande huu na msikiti upande ule," alisema. "Na maji ya mvua yashukayo bondeni yatazuiliwa na tuta la hiyo barabara yako. Je, hayo nayo umeyatia katika gharama?"

Diwani wetu akainuka upesi. Alisema tusiwe watu wa kurudi nyuma, lami ndiyo matunda ya uhuru, hoteli za Diani zitawaajiri vijana wetu, na wagonjwa watafika hospitali ya Msambweni wangali hai. Hilo la wagonjwa lilikuwa kweli, na ndilo lililotufunga midomo. Kila mmoja pale alikuwa na mtu wake aliyekata roho njiani, gari likiwa limekwama topeni. Basi mjadala ukaishia hapo. Wanawake walikuwa wameketi nyuma, mama yangu miongoni mwao, na hakuna aliyewauliza neno. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za baraza. Niliandika kwamba wananchi waliukubali mradi kwa kauli moja, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.

Wiki chache baadaye nilitumwa kuandika fidia pamoja na afisa aliyetoka bara. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Alikuwa na haraka tu. Fomu zake zilikuwa na nafasi moja ya jina kwa kila shamba. Tulipofika katika shamba la mjomba nilimwambia, "Bwana, hapa mwenye shamba ni mmoja na mwenye minazi ni mwingine."

"Andika jina moja."

"Nikiandika la mwenye shamba, mwenye minazi atakosa."

"Karani, sikiza. Sisi tunalipa shamba na vitu viko ndani yake. Hatulipi hadithi. Andika twende, bado mashamba ni mengi."

Sikumwambia kwamba mwenye minazi ni mama yangu. Niliogopa kuonekana ninajipendelea, na kupoteza kazi niliogopa zaidi. Nikaandika jina la mjomba, nikajidanganya kwamba mjomba ni mtu wa swala tano, atampa mama chake. Siku hiyo niliandika mashamba mengine mawili ya namna hiyohiyo, moja baada ya jingine. La pili na la tatu hayakunisumbua hata kidogo.

Jioni mama aliniuliza, "Umeniandika, mwanangu?"

"Wameandika shamba lote, mama. Mjomba atakupa."

"Haya," alisema, akaendelea kukuna nazi.

Mjomba alipolipwa alimwambia mama kwamba serikali imelipa ardhi, na kwamba jina la mama hakuliona. Hapo hakusema uongo. Akaezeka nyumba yake bati. Kisha likaja tingatinga, na asubuhi moja ilitosha kuiangusha minazi yote kumi na saba. Mama alisimama kando na kanga yake kichwani, akamwomba dereva ruhusa ya kuchukua makuti. Makuti ya minazi yake mwenyewe. Hilo hunikata maini mpaka leo.

Wenye minazi katika yale mashamba mengine mawili walikuwa wanawake majirani zetu, mmoja mtu mzima kuliko mama, na mwenzake mdogo kidogo. Wao hawakukubali kunyamaza. Walimshawishi mama, wakapanda basi wote watatu kuja Kwale kulalamika. Mimi nilikuwa sina habari, hata nilipofungua mlango nikawaona benchini. Niliwaamkia wote shikamoo, wakaitika. Nikaitwa ndani kuandika maelezo yao. Aliyekaa kusikiliza malalamiko alikuwa yule yule afisa wa fidia.

Wale wawili walieleza vizuri, bila kutia chumvi, nani alipanda na lini. Afisa alizifunua fomu, akanigeukia.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu, bwana."

"Na mimi nilikuambia uandike jina la mwenye mali. Si ndiyo?"

Nilimtazama. Alinitazama bila hata kupepesa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na maneno niliyokuwa nayo yalikuwa machache na ya kweli. Niliinamia karatasi yangu.

"Basi ni moja kati ya mawili," alisema. "Kama minazi ni ya hawa, wewe umeandika uongo katika karatasi ya serikali na leo unarudi kwenu. Kama uliandika ukweli, hawa ndio waongo. Tuendelee. Huyu mama wa tatu, minazi ilikuwa ya nani?"

Hakujua kwamba ni mama yangu, maana kila mmoja wetu huitwa kwa jina la baba yake. Mama aliitazama meza.

"Ilikuwa ya mwenye shamba," alisema. "Mie nilikuwa nikiiangalia tu."

"Na hawa wenzako?"

Alichelewa kujibu. Natamani angechelewa zaidi, au mimi ningekuwa mwanamume.

"Na wao vivyo hivyo," alisema.

Niliandika. Nikamsomea maneno yake, akasema ndivyo. Nikamshika kidole gumba, nikakitia wino, nikakibonyeza kwenye karatasi. Kilikuwa kigumu kwa kusuka makuti. Yule jirani mtu mzima alifungua mdomo aseme jambo, lakini afisa alikuwa ameshalifunga faili.

Kazini nilithibitishwa mwaka huohuo. Barabara nayo ilikwisha, ikafunguliwa kwa hotuba na ngoma. Mvua za kwanza zilipokuja, maji yalizuiliwa na tuta, yakajaa katika nyumba za upande wa juu hadi watu wakahama na magodoro vichwani, kwa sababu kalvati za kupitishia maji chini ya barabara zilipunguzwa ili kuokoa fedha. Mtoto wa muuza samaki aligongwa akitoka kisimani, na gari halikusimama. Baadaye walirudi wakaipasua lami waweke kalvati, na nikasikia ofisini kwamba marekebisho yale yalikula fedha kuliko ule mzunguko walioukataa. Hakuna aliyekwenda kumwambia mwalimu wa madrasa kwamba alikuwa na haki.

Wale wanawake wawili hawakumtukana mama. Waliitikia salamu yake, basi. Hawakuja tena kusuka makuti uani kwetu, wala hawakumwalika arusini kwao. Mama alinunua nazi sokoni ili apate kupika mafuta, faida ikawa ndogo, akaacha. Siku moja nilijaribu kuanza maneno ya ofisini, akanikatiza. "Yamepita, mwanangu. Ulikuwa na mtoto mchanga," alisema.

Alifariki kabla mtoto huyo hajamaliza darasa la saba. Nyumba ilijaa watu, na kabla ya jeneza kuinuliwa nilisimama mlangoni kama ilivyo ada. Nilisema kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwangu, na aliyekosewa naye tunaomba amsamehe. Wanaume waliitika kwamba wamemsamehe. Ndipo akatoka ndani yule mtu mzima wa wale wawili. Yeye ndiye aliyemwosha mama, kwa mikono yake, na mikono ya gauni lake ilikuwa bado imelowa.

Nilimwamkia. Hakuitika.

"Mama yako nimemsamehe, duniani na akhera," alisema, na kila mtu alisikia. "Weye sijakusamehe."

Akarudi ndani. Wenzangu walikuwa wamekwisha kulishika jeneza, wananingoja mimi.