Hoteli Isiyo na Chakula

Nilianza kujifunza Kiingereza kwa sababu treni zilikuwa zimesimama. Nilikuwa karani wa bohari ya reli hapa Kindu, na vita vilipoifunga njia ya kusini, bohari ilibaki na misumari, mapipa matupu na mimi. Kila asubuhi nilifungua mlango, nikafagia, nikafunga. Mtu aliyezoea kupokea na kutoa mizigo hawezi kukaa hivyo kwa muda mrefu bila kuharibika. Mwalimu mmoja aliyekuwa anahama mji aliniachia kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kifaransa. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa.

Nilikipangia utaratibu. Somo moja kwa juma: kulisoma kwa sauti, kulifunga, kuliandika kwa kukumbuka, kisha kulisema mbele ya watu. Watu hao walikuwa wawili tu, jirani yangu muuguzi na fundi cherehani ambaye hakuwa na uzi. Walikuja kwangu alasiri na kuondoka kabla ya giza.

Somo lililoyashinda mengine kwa utamu lilikuwa la mgeni anayekula hotelini. Mgeni anaagiza supu, samaki, nyama kwa viazi, kisha keki, na mhudumu anamjibu kila mara, "Bila shaka, bwana." Sisi siku zile tulikuwa na njaa. Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya mto, na mitumbwi haikuruhusiwa kuvuka. Chumvi iliuzwa kwa kijiko. Kwa hiyo kila mmoja wetu alitaka kuwa mgeni na hakuna aliyetaka kuwa mhudumu. Fundi akamgeukia mke wangu, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua majani ya muhogo.

"Mama, kuja utuhudumie. Sisi wote hapa tuko wakubwa."

"Wakubwa ya nini? Hata mukia ya samaki hamuna."

Lakini alikuja. Alikunja kitambaa akakiweka juu ya mkono, kama mhudumu wa kwenye picha. Nilimfundisha sentensi mbili, ya kumkaribisha mgeni na kumuuliza angependa kula nini, na ile ya "bila shaka, bwana". Alizishika kwa sauti, kama mtu anavyoshika wimbo wa kanisani wa lugha asiyoijua.

Siku ya kwanza alifuata kitabu. Siku ya pili, kabla wenzangu hawajafika, aliniuliza, "Kusema 'imeisha' na Kizungu yenu, njo namna gani?"

Nikamwambia bila kufikiri. Alasiri ile fundi akaagiza supu.

"Samahani, bwana," mke wangu akasema kwa Kiingereza. "Imekwisha."

Fundi akaagiza samaki. Imekwisha. Muuguzi akaomba nyama, akaomba yai, akaomba mkate mkavu. Vyote vimekwisha.

"Mama, hata maji?" muuguzi akauliza kwa Kiswahili.

"Hata maji. Na kiti unakalia, lete, nayo imeisha."

Tulicheka mpaka jirani mmoja akaja kuangalia kama kuna msiba au harusi. Mimi nilicheka pia, ila nilimwambia baadaye kwamba anaharibu somo. Nilikuwa nimekosea. Mgeni wa kitabuni hakuwahi kukataliwa kitu, kwa hiyo kitabu hakikuwa na maneno ya kuuliza kuna nini kingine, au kama kitapatikana kesho, au kumsihi mwenye hoteli atazame vizuri jikoni. Ilibidi tuyatafute wenyewe kwenye kamusi ya muuguzi. Kiingereza changu kilichosimama kwa miguu yake kilianzia hapo. Na kila mara mchezo uliishia kwa swali moja: basi, kuna nini? Hapo mke wangu aliacha Kizungu na kujibu, "Iko sombe." Kama majani yale ya muhogo yalikuwapo kweli, aliyapakua.

Vita viliisha. Fundi alipata uzi, muuguzi alihamia Punia, treni zilirudi kwa kuchechemea. Mimi niliendelea na kitabu, kisha na vingine. Binti yetu aliifuata reli kwenda kusini, akaolewa Zambia na mtu mpole ambaye hajui neno la Kiswahili. Wakapata mtoto wa kike. Nyumbani kwao wanaongea Kiingereza na lugha ya baba.

Mtoto alipofika miaka sita, binti yetu alianza kutupigia simu ya picha. Mke wangu aliishika simu kwa mikono miwili akapaza sauti, maana Zambia ni mbali: "Mujukuu yangu! Unaniona? Njo miye koko yako!" Mtoto alimtazama, akajificha nyuma ya mama yake, akanong'ona kitu.

"Anasema nini?" mke wangu akauliza.

Binti yetu alicheka kwa aibu. "Anauliza kwa nini koko anamukasirikia."

Mke wangu akanirudishia simu, akatoka kwenda kugeuza mpunga uliokuwa unakauka uani. Baadaye tulipoambiwa kwamba binti na mtoto watakuja wakati wa likizo, alifurahi nusu siku tu. "Mutoto atakuja mu nyumba yangu," aliniambia, "na miye nitakaa kama bubu. Ataniona kama muntu wa kazi. Atarudi kwao bila kunijua."

Nikamwambia kwamba nitamfundisha. Nilipanga masomo kwa mpangilio unaofaa: mimi niko, wewe uko, yeye yuko, nina, una, ana, hesabu mpaka ishirini. Alivumilia masomo mawili huku akitwanga.

"Baba, hii 'miye niko, weye uko,' nitamuambia nini nayo? Ataona tu kama niko."

Masomo yakaishia hapo.

Walikuja kwa treni, wamechoka na vumbi kichwani. Mtoto alimsalimia koko wake kwa kumpa vidole, akarudi kwa mama yake. Siku mbili alikula biskuti walizobeba safarini. Mke wangu alipika wali, akapika kuku, akapika ndizi. Sahani zilirudi kama zilivyotoka. Hakulalamika. Alizifunika tu na kukaa karibu nazo.

Siku ya tatu binti yetu alivuka mto kumsalimia shangazi yake mgonjwa, mtoto akiwa bado amelala. Mtoto aliamka, akatafuta chumba kwa chumba, akaanza kulia. Hii niliiona kuwa kazi yangu. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza kwa Kiingereza, sentensi zangu zikiwa zimenyooka, kwamba mama yake amevuka kwa mtumbwi, kwamba mto ni mpana lakini umetulia, kwamba atarudi alasiri. Miaka yote nilikuwa na shaka kama mtu wa lugha hiyo angenielewa. Alinielewa kila neno, na kwa sababu alinielewa, alilia zaidi.

Mke wangu akatoka jikoni. Kitambaa kilikuwa juu ya mkono wake, kimekunjwa. Akasimama wima mbele ya mtoto.

"Habari za asubuhi, bwana," akasema kwa Kiingereza kile kile cha vita. "Ungependa kula nini?"

Mtoto akanyamaza kwa mshangao. "Mimi si bwana," akasema.

Mke wangu hakuelewa. Alinitazama, na nilikuwa nimeshafungua kinywa kumsahihisha, nikakifunga.

"Ungependa kula nini, bwana?"

Mtoto akafuta pua. Akataka kuku na viazi vya kukaanga.

"Samahani, bwana. Imekwisha."

Soseji? Imekwisha. Keki? Imekwisha. Mtoto akamtazama vizuri, akaona jinsi mwanamke huyu mkubwa alivyobana midomo kuzuia kicheko, akaelewa ni mchezo. Akaagiza tembo. Tembo amekwisha. Akaagiza treni, akaagiza mto. Vyote vilikuwa vimekwisha, na kwa kila kimoja mwenye hoteli aliinama kwa masikitiko. Mwishoni mtoto, akicheka kwa kwikwi, akauliza swali lile tulilolitafuta kwenye kamusi: basi, kuna nini?

"Iko sombe," mke wangu akasema.

"Sombe," mtoto akarudia, akaketi.

Alikula, si nyingi, lakini alikula, mgongo wake ukiegemea goti la koko wake. Mimi niliondoka kimya nikaenda uani kugeuza mpunga.

Binti yetu aliporudi alasiri alikuta kitambaa kiko juu ya mkono wa mtoto. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni. Binti yetu alikuwa na njaa, akauliza kama kuna wali uliobaki.

"Imeisha," mtoto akamjibu, kwa Kiswahili cha Kindu, huku sufuria ikiwa imejaa nyuma yake.

"Yee! Na kuku?"

Mtoto akamtazama koko wake. Koko akatikisa kichwa.

"Imeisha."