Karatasi Kumi na Mbili za Majaribio

Deolinda Ayala alikuwa fundi wa kompyuta wa halmashauri ya mji mmoja mdogo wa Paraguay. Asubuhi moja aliiunganisha printa mpya ya masijala na mtandao, akafungua orodha ya printa za ofisi nzima, akachagua moja, akabonyeza kitufe cha kuchapa ukurasa wa majaribio. Printa kimya. Akabonyeza tena na tena, mara kumi na moja, huku akifyonza kwa hasira tereré, chai yake ya barafu.

Simu ikalia. Alikuwa don Anastasio, msajili anayefungisha ndoa ghorofani.

"Deolinda, mbona unanimwagia karatasi za 'Ukurasa wa Majaribio'?"

Deolinda akajishika kichwa. Kumbe kwenye orodha alikuwa amechagua printa ya ghorofani!

"Samahani mzee. Zitupe tu."

"Nizitupe vipi? Sikuvaa miwani, nikampa bibi harusi moja badala ya cheti, naye ameshaitia sahihi!"

Deolinda akapanda ngazi mbio kuomba radhi. Don Anastasio alikuwa ameshatoa cheti halisi, lakini bibi harusi alikuwa ameikumbatia ile karatasi ya majaribio.

"Hii siirudishi, dada," alisema, akimkazia macho bwana harusi. "Huyu namjua vizuri. Miezi sita ya kwanza ni majaribio."

Bwana harusi akachukua kalamu, akatia sahihi karatasi zote mbili, cheti na ile ya majaribio.